Mume Wangu Anasifiwa kwa Karavani Niliyoitengeneza Mimi

Bi. Isra mpendwa,

Nakuandikia nikiwa nimeketi garini nje ya kituo cha treni cha Hässelby, kwa sababu nyumbani kuna watu na kazini kuna watu, na hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu wa kuniuliza naandika nini. Naomba unisaidie, na nikikosea unisahihishe, lakini tafadhali unisome mpaka mwisho kwanza, maana ukisoma mwanzo tu utafikiri nina ugomvi mdogo wa nyumbani, na mimi nadhani hapa kuna moto.

Naitwa Muthoni, nina miaka arobaini na tisa, nililelewa Nyeri, na huu ni mwaka wa ishirini na mbili niko Stockholm. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mume wangu ni Mugambi, mtu wa Meru, anafanya kazi kwenye kiwanda cha malori kule Södertälje. Tuna binti mmoja, Natalie, wa miaka kumi na saba, tukimsemesha Kiswahili anatujibu kwa Kiswidi na tumezoea. Mume wangu si mlevi, hanipigi, na hana mwanamke mwingine ninayemjua. Nayasema haya mapema ili usipoteze muda kuyatafuta.

Miaka miwili na nusu iliyopita nilichoka. Katika kazi yangu unamwosha mtu, unamlisha, unamchana nywele, na hata ukifanya vizuri namna gani hatapona, kwa sababu uzee si ugonjwa, na mwaka ule kwenye korido yangu peke yake walifariki wanane. Nikaanza kutamani kitu kibovu ambacho nikikitengeneza kitakuwa kizima. Basi mwenzangu kazini akaniambia kuna mama mmoja karibu na Enköping anatafuta mtu wa kumwondolea karavani ya mwaka 1972, ambayo imekaa kwenye nyasi tangu mumewe alipofariki, na atampa bure yeyote atakayeivuta ikatoka. Kwa wasomaji ambao hawajaiona, karavani ni nyumba ndogo ya magurudumu inayofungwa nyuma ya gari, ina vitanda na jiko na meza, Waswidi wanaiita husvagn na kila kiangazi wanakwenda kukaa humo wakiwa wameacha nyumba kubwa nzuri nyuma yao. Nikaichukua. Mwenye bustani moja ya maua hapa Hässelby alinikubalia niiweke nyuma ya vibanda vyake vya vioo.

Mugambi alikuja kuiona siku ya kwanza. Aliizunguka mara moja, akagusa ukuta kwa kidole, kidole kikaingia. "Mama Natalie," akasema, "hili ni banda la kuku." Akarudi garini. Kwa miezi kumi na minne iliyofuata alikuja mara mbili.

Mimi nilikwenda kila siku niliyokuwa sina zamu. Nilibandua ukuta wa ndani ubao kwa ubao, kila ubao nikaupiga picha na kuuandika namba nyuma ili nijue utarudi wapi, nikakuta maji yamekuwa yakiingia kwenye kona ya dirisha kwa labda miaka thelathini na mbao za fremu zimekuwa laini kama keki, nikazikata, nikaweka mpya, nikaziba paa, nikapiga plaiwudi, nikaosha mapazia ya zamani ya rangi ya chungwa mara nne mpaka maji yakatoka meupe, nikashona vitambaa vipya vya viti, na majira ya baridi nilifanya kazi nimevaa makoti mawili na kofia ya Natalie. Halafu nikafika kwenye umeme. Bi. Isra, ule umeme ulinitisha. Ganda la plastiki la nyaya lilikuwa limekauka, ukilikunja linavunjika kama biskuti, na mahali palipokatika mtu alikuwa amezisokota nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia tepu nyeusi, na mahali pa fyuzi alikuwa ameweka karatasi ya fedha ya chokoleti. Familia ililala humo na watoto.

Nikajiandikisha kozi ya jioni kule Vällingby. Mwalimu wetu, Filip, ni fundi umeme mwenye kampuni yake iliyosajiliwa. Alitufundisha kwamba umeme mdogo wa betri, ule wa volti kumi na mbili, mtu anaweza kujifungia mwenyewe akiwa makini, lakini umeme mkubwa kama ule wa ukutani, kwa sheria ya hapa, lazima aufunge fundi aliyesajiliwa. Basi mdogo nilifunga mimi, taa zote na pampu ya maji, na mkubwa alikuja kuufunga Filip, mimi nikimpa vifaa, akapima, akaweka sahihi. Akaniambia nyaya zangu zimenyooka kuliko za mwanafunzi wake yeyote. Siku ile nilirudi nyumbani nikiimba.

Sasa sikiliza. Mwaka jana mwezi wa sita tuliivuta kwenda kambi ya familia ya kanisa letu, kando ya ziwa. Watu wakaja kuangalia. Mzee mmoja wa kanisa akaingia, akafungua kabati, akafungulia bomba la maji, akatoka akamshika Mugambi bega, akasema, "Ndugu Mugambi, umefanya kazi!" Mugambi akanitupia jicho. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na chupa ya chai. Kisha akasema, "Tulijitahidi." Mzee akaenda kumwita mkewe aje aone, na mke alipofika Mugambi akasema, "Nilijitahidi."

Mimi nikamimina chai.

Nilikuwa na sababu. Mwezi wa nne mwaka ule, kiwandani walimwondoa kwenye uongozi wa kikundi chake kwa sababu ya mgongo. Miaka kumi na tisa amefunga milango ya malori kwenye bawaba zake, saba ya mwisho akiwa kiongozi wa wenzake, na sasa wamemweka kwenye kiti anakagua milango iliyofungwa na vijana. Hakumwambia mtu kanisani. Nyumbani alikuwa anakaa na koti mpaka saa ya kula. Nilipomwona pale ziwani ametabasamu na meno yote nikasema moyoni, acha achukue hii, ni ya leo tu.

Haikuwa ya leo tu. Aliporudi akaanza kuwaonyesha watu picha zangu za kazi kwenye simu. Picha zile zote zinaonyesha mikono yangu, kwa hiyo amezikata pembeni. Akanichukulia bisibisi yangu ya kupimia umeme, ile yenye taa ndogo kwenye mpini, akawa anaiweka kwenye mfuko wa shati anapokwenda ibada. Watu wakimuuliza kuhusu betri anajibu kwa maneno yangu aliyonisikia nikiongea na Filip kwenye simu, ila anayapanga vibaya. Natalie alimsikia siku moja akanitazama, akaniambia kwa Kiswidi kwamba ama nitaongea mimi au ataongea yeye. Nikamkataza. Nikamwambia baba yako anapitia kipindi kigumu.

Sasa mwaka huu kanisa nalo limepewa karavani kuukuu, na wameamua iwe jiko la kutembea, la kupikia watoto kwenye kambi. Mchungaji Kiprono akasimama madhabahuni akatangaza kwamba Mungu hakutuacha bila fundi, akamwita Mugambi mbele, wazee wakamwekea mikono, wakaiombea mikono yake. Mimi nilikuwa safu ya tatu. Nilisema amina kama wengine.

Ameanza. Kila Jumamosi anakwenda Akalla, ambako karavani hiyo imeegeshwa nyuma ya ukumbi tunamosali, anafanya kazi kwa saa sita, anarudi amefurahi. Nikaenda Jumanne moja kuangalia, maana Jumanne mimi sina zamu, na kamati ya chai, ambayo mimi nimo, ina ufunguo. Amevuta kebo nyembamba ya taa kwenda kwenye jiko la umeme la sahani mbili. Ameipitisha kwenye tundu la bati lisilo na mpira, makali yanaila. Waya wa ethi, ule wa kijani na manjano unaozuia mtu asipigwe na umeme, umeishia hewani. Na viungo amevisokota kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi.

Sikumwambia kitu. Nilitoa zile nyaya, nikaweka kebo nene, nikaweka mpira kwenye tundu, nikafunga viungo vizuri, nikarudisha ubao. Jumamosi alipokwenda alirudi akaniambia, "Unajua, Mama Natalie, nimetazama kazi yangu ya wiki iliyopita, ni nzuri kuliko nilivyokumbuka. Mkono umeanza kuzoea." Basi akaongeza nyingine. Jumanne nikaenda tena. Hii ni wiki ya tano, yeye anafunga Jumamosi, mimi nafumua Jumanne, na najua mimi mwenyewe sina ruhusa ya kugusa umeme mkubwa, na sasa anafunga haraka kuliko ninavyoweza kufumua kwa sababu amepata ujasiri.

Zimebaki siku kumi na moja kambi ianze. Siku hiyo karavani itachomekwa kwenye umeme mbele ya watu wote, na watoto arobaini watapanga foleni kwenye mlango wa bati, na Natalie ndiye atakayekuwa ndani akigawa mandazi. Nikimwambia Mchungaji, nitakuwa nimemvua mume wangu nguo mbele ya kanisa zima. Nikimwambia Mugambi, sijui kitakachobaki kwake. Jana nimewaza niende nikate waya mmoja mahali pasipoonekana ili siku hiyo isiwake tu, watu waseme imeharibika, basi. Bi. Isra, je, kukata waya ni dhambi?

Muthoni, Hässelby


BI. ISRA ANAJIBU

(Barua hii ilikuwa na siku zake zinazokwisha, kwa hiyo nilimjibu siku ileile iliponifikia, sikungoja gazeti. Tunaichapa sasa kwa idhini ya mke na mume, nao wametaka majina yabaki.)

Mama Natalie,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na kipande cha Jumanne nimekisoma mara mbili kwa sababu sikuamini. Pole. Pole kwa wazee wako wanane. Pole kwa kupokonywa kazi yako mchana kweupe ukiwa umeshika chupa ya chai. Hilo linauma, na mtu asikwambie haliumi. Sasa pole imekwisha, tuongee.

Pale ziwani uliponyamaza, ulikuwa unamsitiri mume aliyevunjika moyo. Nakuelewa. Lakini ile ilikuwa ya siku moja, ulisema mwenyewe. Mbona umeifanya ya mwaka? Mumeo alisema uongo wa neno moja, "nilijitahidi", na kila Jumapili uliyokaa kimya ukamwongezea sentensi. Mpaka wameiombea mikono yake na wewe ukasema amina. Amina ya nini, bibi wee? Ulikuwa unaiombea nini?

Na hizo Jumanne zako. Unadhani unamlinda mtu. Unachofanya ni kumhakikishia Mugambi kwamba yeye ni fundi. Alipoitazama ile kebo akasema mkono wake umezoea, hakuwa anadanganya, alikuwa ameamini, na aliyemwaminisha ni wewe. Laiti ungeiacha kazi yake ilivyo, huenda angeiona mwenyewe jinsi ilivyo mbaya. Halafu kozi ya jioni imekufundisha waziwazi kwamba umeme mkubwa si wako, na bado umeingia na ufunguo wa kamati ya chai ukaufunga. Mugambi hana cheti na wewe huna cheti. Tofauti yenu ni kwamba wewe unajua huna.

Umeniuliza kama kukata waya ni dhambi. Sijui, mimi si mchungaji. Ninachojua ni upuuzi. Ukikata, ataunga. Tena ataunga kwa tepu nyeusi.

Nikwambie langu moja. Marehemu mume wangu, Khalfan, alikuwa mtu wa kujua njia. Huwezi kumwambia kitu kuhusu njia. Siku moja tulikuwa tunakwenda mazishini Södertälje, nikamwona amepita pa kutokea kwenye barabara kuu, nikanyamaza, maana nyuma walikuwa wamekaa mashemeji na sikutaka kumvunjia heshima. Tukafika Nyköping, karibu saa nzima mbele. Marehemu alizikwa bila sisi, na mjane wake hakunisalimia miaka mitatu. Nilijiambia nilinyamaza kwa heshima. Si kweli. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kelele garini. Jiulize na wewe ni kwa sababu gani.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hujapika, nenda Akalla uchukue ile kebo ndefu ya kuchomekea karavani kwenye umeme, uitie kwenye buti ya gari lako. Usikate, usiharibu, chukua tu. Karavani ambayo haijachomekwa haimuui mtu.

Kesho jioni, Natalie akiwa hayupo, mpeleke mumeo kwenye karavani yenu. Usianze kuongea njiani. Mkifika fungua ubao mmoja, mwonyeshe nyaya zako zilivyolala, umwambie maneno matatu tu: hizi nilizifunga mimi, zile za Akalla nazifumua kila Jumanne, zikiwashwa zitaua mtoto. Halafu nyamaza, maana hapo ndipo mahali pa kunyamaza. Usiombe samahani kwa kusema kweli. Usimtajie kiwanda, usimtajie mgongo, na zile picha ziache. Kama atapiga kelele, apige.

Mpe mpaka Alhamisi saa kumi na mbili jioni ampigie Mchungaji Kiprono yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Saa kumi na mbili na dakika moja, kama hajapiga, piga wewe, wala usimwombe ruhusa. Huyo Filip mtafute leo, umwambie kila kitu, pamoja na ulichogusa wewe, hasa ulichogusa wewe. Aifungue karavani yote, asiamini hata waya mmoja. Na Mchungaji nampelekea salamu: kuombea mikono ni jambo jema, siku nyingine aulize cheti kwanza.

La mwisho ni kuhusu huyo mume, ambaye umemwandika kama mgonjwa wa korido yako. Si mgonjwa. Umeniambia mwenyewe kwamba amefunga milango ya malori miaka kumi na tisa. Jiko la kutembea linahitaji dirisha kubwa la kuhudumia, lenye bawaba, linalofunguka na kusimama imara lisiangukie watoto vichwani. Mpe hilo. Usimpe kwa kumbembeleza. Mpe kwa sababu wewe huwezi na Filip hawezi, na yeye anaweza.

Nenda Akalla sasa. Chakula kitangoja.


MUTHONI AMEANDIKA TENA

Bi. Isra,

Nilifanya ulivyosema, ingawa si yote yaliyokwenda kama nilivyotarajia.

Kebo niliichukua. Kesho yake nikampeleka Mugambi kwenye karavani, nikafungua ubao ulio juu ya kitanda, nikasema yale maneno matatu. Hakupiga kelele. Aliziangalia zile nyaya muda mrefu sana, kisha akauliza, "Hizo Jumanne, ulikuwa unaingia na ufunguo wa nani?" Nikamjibu, "Wa kamati ya chai." Akatikisa kichwa kana kwamba hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akaitoa bisibisi kwenye mfuko wa shati, akaiweka mezani, akaenda nyumbani kwa miguu. Ni mwendo wa dakika hamsini.

Hakusema nami siku mbili. Natalie aliuliza kwa Kiswidi nani amekufa.

Alhamisi nilikaa jikoni na simu mbele yangu. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi ikalia, ni yeye, yuko kwenye treni ya kutoka Södertälje.

"Nimempigia," akasema.

"Mchungaji amesemaje?"

"Ameniuliza kama nina uhakika kwamba mimi si fundi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia katika mambo ya umeme, hilo ndilo jambo la kwanza nililo na uhakika nalo."

Hakutaka iishie kwa simu. Jumapili, baada ya matangazo, alisimama bila kuitwa. Sikujua kama atasimama. Alisema, "Ile karavani yetu mnayonisifia aliitengeneza mke wangu. Miezi kumi na minne. Mimi nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili nilishika ngazi." Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na hii ya kanisa?" Mugambi akasema, "Hii ya kanisa nilianza mimi. Ndiyo maana Mchungaji ameifunga." Watu wakacheka, na yeye akasubiri wamalize, kisha akaketi.

Si wote waliocheka. Kwenye chai, yule mzee aliyemshika bega mwaka jana alipita mbele yake asimpe mkono. Mugambi alikuwa amesimama peke yake karibu na dirisha, na sahani ya keki ambayo haili. Hasira zangu zilikuwa hazijaisha, Bi. Isra, na mpaka leo sijasema zimeisha. Lakini nilikwenda nikasimama ubavuni mwake mpaka chai ikaisha.

Filip alikuja Jumatatu na msaidizi wa kampuni yake. Alitoa nyaya zote. Alipofika nyuma ya jiko akaniita, akanionyesha kebo moja iliyolalia bomba la gesi ya kupashia joto, akauliza ni ya nani. Ilikuwa yangu. Niliipitisha hapo Jumanne ya tatu, nilikuwa na haraka. Alisema kwa upole kwamba ingechukua labda miezi mitatu ya kutikisika barabarani, ganda lilike na cheche ziguse gesi. Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi ya mlango kwa muda. Nimekuwa nikijiona mimi ndiye ninayewaokoa watoto wale.

Nimemwambia Mugambi hilo pia. Alisikiliza mpaka mwisho, asifurahi. Aliniambia, "Basi tungekuwa wawili."

Dirisha amelitengeneza yeye. Alilipima mara tatu, akaleta bawaba za chuma, akaweka nguzo mbili za kulishikilia, na mgongo ulipomuuma alilala chini kwenye nyasi dakika kumi akaendelea. Siku ya kambi lilifunguka kwa mkono mmoja. Karavani ilichomekwa na Filip, birika likachemka, na Natalie aligawa mandazi hadi yakaisha, na watoto walipomwomba zaidi kwa Kiswidi aliwajibu kwa Kiswahili kwamba hakuna. Kwetu hiyo ni habari.

Siku ya pili, mchana, mvua kubwa ilishuka kutoka upande wa ziwa, kila mtu akakimbilia kwake. Mimi na Mugambi tukaingia kwenye karavani yetu tukiwa tumelowa, tukafunga mlango. Mawingu yalikuwa mazito na ndani kukawa giza, hatukuonana vizuri. Nikamsikia anapapasa ukuta karibu na mlango. Akapapasa chini ya kabati. Akapapasa nyuma ya pazia, akasimama.

"Mama Natalie," akaniuliza, "kwani hizi taa zinawashiwa wapi?"

Nikamwonyesha.